Saa Mbili ya Nani

Saa nane usiku, simu mia tatu na kumi na mbili
zikalia pamoja kwenye vihamba vya Uru:
"Ndugu mkulima, mizani iko wazi. Leta buni yako."
Mbwa wakabweka mpaka Kiboriloni.
Haikaeli peke yake ndiye aliyetii.
Alishuka na ndoo kichwani, tochi mkononi,
akagonga geti, akamwambia mlinzi:
Mmeniita.

Katibu ni mimi. Barua zote niliandika mimi.
Nilimwandikia Tanvir, aliye Khulna,
kwa Kiingereza changu cha kuazima,
naye akanisoma kwa Kiingereza chake cha kuazima:
ujumbe utoke saa mbili asubuhi.
Nilitafsiri namba, nikasahau jua.
Alifanya nilichomwambia.
Hilo ndilo kosa lake lote.

Aprili tulikuwa na bei mbili mezani,
mvua ikipiga bati hata mwenyekiti akapaza sauti.
Eliakunda, wa hapa hapa Moshi, ofisi juu ya duka la pembejeo:
milioni tisa, nusu yake kabla hajafungua kompyuta.
Tanvir: milioni moja na laki sita,
na picha yake akitabasamu.
Rahisi ni ghali, mhasibu akaninong'oneza.
Lakini nani angewatazama wanachama usoni
awaambie tumechukua ile ya tisa?
Mikono ikanyooka. Wangu ulitangulia.

Kisha Mei, Mei nzima, maswali ya usiku.
Kwa nini mtu mmoja ana majina matatu?
Haikaeli ni nani, na Mama Anaeli ni nani?
Debe moja ni kilo ngapi?
Nikajibu: inategemea debe.
Akanyamaza siku nzima.
Aliporudi alikuwa amewaunganisha akina Mushi kumi na mmoja
wakawa mtu mmoja, na kwa siku mbili
Mushi huyo alikuwa tajiri kuliko ushirika.

Juni, daftari la madeni lilipogoma kuingia,
alikesha nami mpaka kwake kukakucha,
wala hakudai senti juu ya bei yake.
Umeme ukakatika kwangu. Nikashika simu kumwambia;
wake nao ulikuwa umekatika.
Tukakaa hivyo, watu wawili gizani,
kila mmoja akililaani shirika lake.
Eliakunda angelala.
Au nasema hivyo tu
kwa kuwa sikumpa nafasi ya kukesha.

Asubuhi ya aibu alipita ofisini, nikammiminia chai.
"Mngenipa mimi," akasema, "saa ningezijua."
Kweli tupu. Nikamwuliza siku hizi anamfanyia nani kazi.
Akakitazama kikombe.
Kliniki ya meno, Denmark.
Wamempendea bei.
Machi iliyopita hakujua kwamba wenzetu kule
huzisogeza saa zao mbele kwa mkono,
na wagonjwa wote wa Jumatatu
wakapishana na daktari saa nzima.
"Walikufukuza?"
"Walinitumia picha ya foleni."
Tukacheka mpaka mhasibu akafunga mlango wake.

Nimesahau kumalizia habari ya Haikaeli.
Mlinzi hakumrudisha. Barabara ile, usiku ule, amrudishe vipi?
Aliwasha mtambo kama tulivyomfundisha,
akapima: kilo kumi na tisa na nusu.
Namba ikaondoka, ikapita juu ya bahari bila kulowa.
Khulna ilikuwa saa kumi na moja alfajiri
na Tanvir alikuwa macho.
Kabla sijakipata kiatu cha pili, maneno yake yalikuwa yameingia:

Mama katibu, kuna mtu!
Wa kwanza! Inafanya kazi!

Nilimjibu saa mbili,
jua likiwa limeshapanda juu ya migomba.